Mkahawa wa uani Malindi: tulikula, tukalipa kila mtu lake, tukachagua mgombea

Kama mtaa wenu unataka kukaa kitako uamue nani asimame kwenye uchaguzi wa Agosti 10, 2027, nawapa pahali. Ni mkahawa mdogo wa Malindi, mji wa kale, kwenye kichochoro kinachotoka upande wa Msikiti wa Juma kuteremkia kwa wavuvi. Hauna kibao. Mwambie dereva wa tuktuk akupeleke kwa Bi wa samaki wa kupaka, atakushusha mlangoni. Mbele kuna meza nne na friji la soda, na ukipita jikoni unatokea kwenye ua mpana wenye mwarobaini katikati na paa la makuti upande mmoja. Ua huo ndio tuliokodi, na ndio ninaouandikia maoni haya, pamoja na chakula chake, bei zake, na jambo moja la ulipaji ambalo sijaliona kwingine mjini.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona madera na sare za shule, na ndiye katibu wa chama cha wakazi wa mtaa wetu. Vikao vyetu vya kawaida tunafanyia barazani kwa mtu. Hiki kilikuwa kizito. Watu watatu wa mtaa mmoja walikuwa wameshatangaza kutaka uwakilishi wa wadi, yaani kuwa MCA, mjumbe wetu katika bunge la kaunti, na kila mmoja ana ndugu zake, marafiki zake na kundi lake la WhatsApp. Wakisimama wote watatu kura zetu zinagawanyika, kiti kinakwenda kwa mtu asiyejua hata maji ya mvua yanapita wapi kwetu. Tena hatujasahau ya Ganda, wadi jirani: uchaguzi mdogo wa Oktoba 2019, wa kiti cha namna hii hii, ulitanguliwa na vurugu na mtu akapoteza maisha. Kwa hiyo tulitaka tuzungumze mapema, mchana, watu wametulia na wameshiba.

Pahali pa kushibia ndipo penye kazi. Kabla ya hapo tuliwahi kualikwa kwenye hoteli moja ya ufukweni, sitaitaja, na mwanasiasa mmoja alikuwa ameilipia yote. Vitambaa vyeupe mezani, biriani ya kuku, juisi ya embe unajaza mpaka uchoke, na wakati wa kutoka kila mtu bahasha ya nauli. Nilikuwa na maswali yangu daftarini. Mwenye kuongoza kikao akasema tuokoe muda. Mama aliyeketi kando yangu alitaka kuuliza habari ya mtaro uliomwingizia maji chumbani msimu wa masika, akainua mkono, na jirani yake akamvuta buibui: "Wewe, tumekula kwa mtu." Mkono ukashuka. Nilirudi nyumbani nimekasirika, na hasira hiyo sijaimaliza mpaka leo. Mtu anakulisha mara moja halafu anakuziba mdomo miaka mitano.

Ndiyo maana nilipokwenda kuagiza ua huu, swali langu la kwanza kwa mwenye mkahawa lilikuwa moja: "Bi, unaweza kutoza kila mtu peke yake, hata tukiwa arubaini?" Mikahawa mingine miwili ilikuwa imeshaniambia haiwezekani, wanataka bili moja kwa mkuu wa kikao. Huyu mama alifikiri kidogo, akasema: "Inawezekana. Itanichosha, lakini inawezekana." Akaniambia pia kodi ya ua ni bure kama kila anayeingia atakunywa walau chai.

Na hivi ndivyo alivyofanya. Nyuma ya kila kiti ameandika nambari kwa chaki. Kijana mhudumu anatembea na kile kitabu cha risiti chenye karatasi ya kaboni. Ukiagiza, anaandika nambari ya kiti na ulichoagiza, anakupa karatasi ya juu, ya chini inabaki kitabuni. Unalipa taslimu au kwa nambari ya till ya M-Pesa iliyobandikwa kwenye mwarobaini, anagonga muhuri. Hakuna meza kuu wala sahani ya mheshimiwa. Wawaniaji watatu walikaa kiti cha 7, cha 19 na cha 30, katikati ya watu, na kila mmoja akalipa chake.

Lilijaribiwa hilo, tena mapema. Chakula hakijafika, kijana mmoja ambaye ni mpwa wa mwaniaji wa kwanza, yule mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alikwenda jikoni kimya kimya akatuma kwenye till shilingi elfu kumi na tano. Mwenye mkahawa aliona ujumbe umeingia, akatoka nje na simu mkononi, kiganja bado kina tui.

"Hii ya nani, mwanangu?"

"Ni ya wazee wote, Bi. Mjomba amesema watu wale tu."

"Mjomba wako yuko kiti cha 7, anadaiwa mia tatu na hamsini. Nyingine hii narudisha."

"Bi, chukulia ni sadaka."

"Sadaka ipeleke msikitini, baba. Hapa kila mtu na risiti yake."

Akazirudisha kwa simu ile ile, pale pale, tunamwangalia. Nataka niwe mwadilifu kwa yule mfanyabiashara: alisimama, akasema hakumtuma mpwa wake, akaomba radhi na kulipa mia tatu na hamsini zake. Namwamini. Lakini Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inakataza kumhonga mpiga kura, na desturi ya kula kwa mwaniaji imezoeleka hivi kwamba mpwa mtu aliona ni adabu tu. Kwa mama wa biashara kurudisha elfu kumi na tano, siku ya mauzo ya kawaida, ni jambo. Sikuwahi kuliona kabla ya siku hiyo.

Sasa chakula, maana ni mkahawa. Agizeni samaki wa kupaka. Ni changu mzima, amepasuliwa mgongoni akakunjuliwa, amechomwa kwanza makaani bila kitu mpaka ngozi ikafunga. Kisha anapakwa tui zito lenye bizari, kitunguu saumu, pilipili na ndimu, anarudishwa motoni, anapakwa tena, na tena, mpaka tui linashika nyamani na pembeni linaanza kubabuka rangi ya kahawia. Ukimvunja, ndani bado ana maji yake. Wali wa nazi punje moja moja, wenye harufu ya tui jipya. Sahani hiyo ni shilingi 350. Pilau 300, nzuri bila makubwa. Mbaazi za nazi na mahamri manne 120, na mahamri yana iliki ya kweli, unaikuta kwa jino. Chai ya tangawizi 30. Kachumbari ya siku ile ilizidi chumvi, nikamwambia kijana, akaleta nyingine bila kununa.

Wali ukiwa bado mezani ndipo mazungumzo yalipoanza. Kijana mmoja wa bodaboda alisema yeye habari ya mwakilishi wadi haimhusu, anataka meya. Mtu mmoja wa kuulizwa habari za mji huu: taka, taa, mitaro, soko. Wengi waliitikia. Malindi ilikuwa na baraza la manispaa na meya wake mpaka uchaguzi wa Machi 4, 2013 ulipoleta serikali za kaunti, na watu wa rika langu bado husema "enzi za meya" kila taa ya barabarani inapozimika.

Aliyemjibu ni mzee wetu mmoja aliyefanya kazi za ukarani serikali za mitaa ujana wake wote. Aliweka kijiko chini.

"Mwanangu, meya hukumchagua wewe, wala baba yako hakumchagua. Sisi tulichagua diwani. Madiwani ndio waliokaa wakamchagua meya miongoni mwao. Na ikikaribia siku ya kura, katika mabaraza mengi ya nchi hii, madiwani walichukuliwa na magari wakafungiwa hotelini. Wanakula, wanalala, wanalindwa wasionane na upande wa pili, mpaka asubuhi ya kupiga kura. Meya akitoka huko ana deni. Na deni lile linalipwa kwa viwanja na zabuni."

Uani kulinyamaza. Nadhani kila mtu alitazama risiti yake. Binti mmoja aliuliza kama huko kwingine ni hivyo hivyo, nikamwambia binamu yangu wa Tanga ananihadithia kuwa kwao mpaka leo meya wa jiji anachaguliwa na madiwani, si na wananchi.

Mzee akaendelea, na hapa ndipo kikao kilipopata uti wa mgongo. Kwa sheria ya miji ya 2011, manispaa kama yetu inaongozwa na bodi na meneja. Wanabodi wanateuliwa, meneja anaajiriwa. Mradi wa kuendeleza miji uitwao KUSP, wa fedha za Benki ya Dunia, ulipokuja, ulizitaka manispaa ziwe na bodi na meneja ndipo zipate pesa, ndiyo maana tukaanza kulisikia tena jina la manispaa. Lakini hakuna karatasi ya kura yenye jina la mwanabodi hata mmoja. Majina yao yanapitia bunge la kaunti. Bajeti ya mji inapitia bunge la kaunti. Kilifi ina wadi 35, na eneo bunge la Malindi lina tano: Malindi Town, Shella, Ganda, Kakuyuni na Jilore. "Basi," akasema mzee, "ukitaka meya, tafuta MCA anayejua kuihoji bodi. Huyo ndiye meya uliyebakiziwa."

Yule kijana wa boda hakuridhika sana, na mimi namwelewa. Ni vigumu kumwambia mtu kuwa mji wenye historia kama huu, mji uliompokea Vasco da Gama mwaka 1498, hauna mtu mmoja aliyepigiwa kura kwa ajili yake. Gavana ni wa kaunti nzima. Mbunge ana kazi zake Nairobi. Lakini alikaa, akasikiliza, na baadaye maswali yake ndiyo yaliyokuwa makali kuliko yote.

Tulikubaliana kumuuliza kila mwaniaji maswali yale yale. La kwanza: kazi ya mwakilishi wadi ni ipi? Mfanyabiashara alisema atajenga madarasa kwenye shule ya msingi ya mtaa wetu. Ni mtu wa mkono mwepesi, ameshatoa saruji kwa madrasa mbili, hilo wote tunalijua. Lakini shule ya msingi ni ya serikali ya kitaifa, si ya kaunti, na madarasa yake si kazi ya MCA. Mzee alimwambia kwa upole. Akasema basi atajenga kwa pesa yake. Kijana wa boda akamuuliza: "Ami, kama utajenga kwa pesa yako, kiti unakitakia nini?" Halikuwa swali la kumdhalilisha, na ami alichukua muda kulijibu. Alisema anataka barabara ya kwenda ghalani kwake na kwa wenzake itiwe murram. Ni jibu la kweli, nililiandika.

Wa pili ni kocha wa timu ya vijana. Huyu mitaro anaijua yote, kwa sababu uwanja wao hujaa maji kila masika. Alieleza maji yanatoka wapi, yanaziba wapi, nyumba gani imejengwa juu ya njia ya maji. Watu walipenda. Alipoulizwa MCA anafanyaje ili mtaro uzibuliwe, alisema atakwenda ofisini kwa mhandisi akae hapo mpaka atoke. Nguvu anayo. Alichokosa ni kujua mlango wa pili mhandisi akikataa.

Wa tatu ni mwalimu wa chekechea. Alikuwa kiti cha 30, karibu na mlango wa jikoni, amekunywa chai na mahamri tu. Alikuja na kurasa za mpango wa maendeleo wa kaunti wa 2023–2027, alizochapisha saiba, ametia wino wa kijani kila mstari unaotaja maji ya mvua, taka na soko. Akasema makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa bungeni kabla ya Aprili 30, na mwaka wa fedha unaanza Julai 1. "Sisi tunalalamika Juni, mvua ikishatufurisha. Juni pesa zimeshagawanywa. MCA wenu lazima awaite Januari na Februari, kabla karatasi haijaandikwa." Akaeleza ya kaunti ni yapi: zahanati na hospitali, mitaro, taka, masoko, taa za barabarani, chekechea. Hakuahidi kujenga kitu. Aliahidi kutusomea bajeti uani hapo hapo kila mwaka, tukiwa na chai.

Nilitazama nyuso. Wanawake waliokuwa wamekaa mbali na kipaza sauti walisogeza viti.

Kipaza sauti chenyewe hakikufaa, nilitaje hilo. Kilikuwa kinakata kila kina mama wenye sauti ndogo wakishika, na mara mbili tulikiacha tukasema kwa midomo. Mwenye mkahawa anasema amekiazima. Ukienda, jiletee chako.

Kabla ya kura kulikuwa na mabishano marefu ambayo sikuyatarajia, na yalihusu chai ya shilingi thelathini. Tulikuwa tumekubaliana kwamba anayepiga kura ni mwenye risiti. Bibi mmoja wa mtaani, mkubwa kuliko wote pale, hakuwa na pesa, na jirani yake alikuwa amemlipia. Mpwa wa mfanyabiashara akauliza, na aliuliza kwa haki: "Kama jirani anaruhusiwa kumlipia bibi, mjomba alikatazwa kwa nini?" Watu walipaza sauti. Wengine walisema risiti ya bibi isihesabiwe. Wengine walisema ni aibu hata kulizungumza. Bibi mwenyewe akasema atakwenda nyumbani achukue thelathini kwenye kikopo chake, watu wakamzuia.

Tulilimaliza hivi: jirani kwa jirani ni ruhusa, mradi mlipaji hawanii kiti na si wa nyumba ya anayewania. Mwaniaji akimlipia mtu, hata chai moja, kura ya aliyelipiwa inatoka. Nimeiandika kwenye muhtasari kama kanuni ya chama chetu. Kwangu mimi ilikuwa saa nzuri kuliko zote za siku hiyo, kwa sababu watu walikuwa wakigombana kuhusu uhalali wa kura yao wenyewe, ya mtaani, ambayo hakuna mtu wa Nairobi aliyewaamrisha kuipiga. Mwenye mkahawa alisimama mlangoni akasikiliza mwanzo mpaka mwisho na masufuria yakamngoja.

Kura ikapigwa kwa kitabu kile kile cha risiti. Unakuja na karatasi yako, mhudumu anatafuta nakala yake kitabuni, anaipiga mstari mwekundu, unapewa kipande cha karatasi, unaandika jina, unatia kwenye debe la samli lililooshwa. Asiyejua kuandika aliandikiwa na mtoto wake aliyemchagua mwenyewe. Risiti zilikuwa 41, na karatasi debeni zikatoka 41. Mwalimu 22, kocha 13, mfanyabiashara 5, moja haikusomeka. Kocha alikuwa wa kwanza kumpa mwalimu mkono. Mfanyabiashara aliondoka bila kusema lolote, na sina la kumlaumu, ni siku ngumu kwa mtu. Jioni alinitumia ujumbe kwamba hatasimama.

Kitu kingine kilichotusaidia pale ni intaneti. Wi-Fi inafika uani, neno la siri limeandikwa kando ya nambari ya till. Mwalimu anafikiria kusimama kama mgombea huru, kwa kuwa kura za mchujo za vyama huku kwetu ni gharama na zina maumivu yake. Katiba inasema mgombea huru wa wadi aungwe mkono na wapiga kura waliosajiliwa wasiopungua 500 wa wadi hiyo, na asiwe mwanachama wa chama chochote kwa miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Vijana walifungua eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwenye simu, sehemu ya Msajili wa Vyama vya Kisiasa, kila mtu akaangalia jina lake. Watu kadhaa walijikuta ni wanachama wa vyama ambavyo hawajawahi kukanyaga ofisi zake. Mama mmoja alipiga yowe. Wengine walijiondoa pale pale kwa simu. Nawasihi nyote mlio Malindi na kwingineko, angalieni majina yenu leo, msingoje mwaka wa uchaguzi.

Ada ya tume ya uchaguzi, IEBC, nayo tuliizungumza. Mwaka 2022 mwakilishi wadi alilipa IEBC shilingi 5,000, na wanawake, vijana na watu wenye ulemavu 2,500. Hiyo inachangika uani kwa siku moja. Gharama iko kwenye mabango, mafuta ya magari na leso za kampeni. Leso hizo nimezipinda sana mimi, najua bei ya kila dazeni, na sijaona bado mtu aliyepigiwa kura kwa sababu ya leso.

Kasoro za mkahawa, nje ya kipaza sauti. Jiko ni dogo kwa watu arubaini: walioagiza samaki mwisho walikula saa nzima baada yetu, na wakati huo maswali yalikuwa yameshaanza. Choo ni kimoja, kisafi, lakini kimoja, na foleni ilitoka mpaka mlangoni. Kuingia uani kuna vidaraja vitatu virefu bila pa kushika, tulimbeba bibi. Pahali pa kuswalia akina baba ni msikitini hatua chache, akina mama wanapewa chumba cha ndani chenye mikeka, kizuri, ila feni haifanyi kazi. Kivuli cha makuti kinakwisha saa tisa, walioketi upande wa mashariki walinufaika, sisi wa upande wa pili tulihamisha viti. Mwenye mkahawa nimemwambia yote haya uso kwa uso kabla ya kuyaandika. Choo cha pili anasema yuko mbioni.

Jambo moja alilonikatalia, na nampa alama zaidi kwa hilo. Nilimwomba atuwekee meza pale mbele, Jumamosi, tukusanyie saini 500 za mwalimu. Akasema hapana. "Huyu kocha ni mteja wangu, na yule mwenye duka ndiye aliyenikopesha mabati. Uani njooni wote mgombane, mlango wangu nauwekea kila mtu." Meza tumeipeleka kwenye baraza la fundi baiskeli.

Mwisho wa kikao mwalimu alisimama kutushukuru, akashukuru kidogo, kisha akatupa swali ambalo halikuwa kwenye orodha ya mtu. Yeye ni mwajiriwa wa kaunti. Sheria ya uchaguzi inamtaka mtumishi wa umma ajiuzulu miezi sita kabla ya siku ya kura, yaani mwanzoni mwa Februari 2027. "Februari mpaka Agosti sina mshahara," alisema. "Nina watoto wawili wa shule na mama mgonjwa. Mmenikataza nisile kwa mtu, na mimi nimekubali. Sasa niambieni nitakula wapi. Na nikishindwa, darasa langu litakuwa la mwingine." Hakuna aliyekuwa na jibu tayari. Mzee karani alisema mchango wa kila mwezi, mama mmoja akauliza je, tukimlisha sisi hatutakuwa tumemnunua sisi? Kocha akasema tofauti ni kwamba sisi tuko wengi na majina yetu yatakuwa daftarini.

Hilo tumeliahirisha mpaka kikao kijacho, Jumamosi baada ya Adhuhuri, uani hapo hapo. Samaki nimewaagiza siku mbili kabla ili jiko lisichelewe, kipaza sauti naazima kwa kaka yangu, na mwenye mkahawa ameshanunua kitabu kipya cha risiti.